Tundu la Ua wa Shule

Kataa ukitaka, msomi wangu, lakini mimi niliyeacha shule darasa la tano nimechaguliwa kuingia komite ya wazazi hapa Rumonge, kwenye shule ileile. Sasa mwanangu anasoma hapo.

Kwetu kura ni kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Mpinzani wangu, bwana mwenye diploma na viatu vya kung'aa, akacheka: "Huyu alikimbia masomo. Atatusaidia nini?"

Mama mmoja muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akakaza kitenge chake. "Watoto wetu wanatorokea ziwani kila siku, papa. Wewe unajua wanapitia wapi?"

Bwana akatazama viatu vyake. Mimi nikanyoosha kidole kwenye ua wa minyaa, nyuma ya vyoo. "Tundu iko pale. Ni mimi niliitoboa."

Mstari wangu ukafika getini. Kesho yake nikaenda kuliziba tundu, huku harufu ya ndagala zilizoanikwa ufukweni ikinijia, ileile iliyokuwa ikiniita.

Kuna kitu sijawaambia wazazi wenzangu. Kabla ya kuliziba nilipiga magoti. Utotoni nililipita nikitoka tu. Siku hiyo nilitaka kuingia. Mabega yalikataa kupenya.