Kitabu Kilichomsema Wifi Mize

Wifi yangu Mize akikuwekea kinyongo, bora uhame Bagamoyo. Ana nyumba ya wageni hapa hapa, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na zamani kidogo alifikia hapo mwanamama mmoja anayeandika vitabu vya watalii. Mize akamkirimu kama tunavyokirimu sisi: hakumwacha ale peke yake, alikaa naye mkekani akimwongezea wali, na asubuhi akamgongea mlango kumuuliza ameamkaje. Kitabu kilipotoka, kikasema mwenye nyumba ni msumbufu, hajui kumwacha mgeni apumzike.

Mize alilia. Tangu hapo, mgeni akija na kitabu kile mkononi anaambiwa vyumba vimejaa, hata kama nyumba nzima anayelala ni paka tu.

Mwaka huu binti yangu Naila akataka kwenda Sri Lanka peke yake, begi mgongoni. Usingizi ulinipaa. Akaleta vitabu viwili ili shangazi yake amsaidie kuchagua, maana Mize ndiye anayejua mambo ya wageni. Kimoja kilisifu kila kitu. Cha pili kilikuwa cha yule yule mbaya wetu, na nilijua kitaishia jikoni kuwashia mkaa.

"Nisomee anaowasema vibaya," Mize akamwambia.

Naila akasoma huku akitafsiri. Alipofika kwa mama mmoja anayegonga milango ya wageni na kuwalazimisha kula, Mize akamshika mkono.

"Chukua hiki. Na hapo ndipo utakapolala."

"Shangazi, mbona kinasema nisilale hapo?"

"Ndiyo maana."

Niliona anamtumia mwanangu kulipiza kisasi chake. Nilimnunia hadi siku ya safari.

Huko Naila akashikwa na homa, akashindwa hata kunyanyua simu. Yule mama akagonga, hakuitikiwa, akafungua kwa ufunguo wake na kumkimbiza hospitali. Alikaa naye akimlisha uji mpaka homa iliposhuka. Naila mwenyewe ndiye aliyetupigia kutueleza, kwa sauti nyembamba.

Mimi nilisujudu. Mize akainua mikono, nikadhani anashukuru.

"Ya Rabi," akasema, "na yule mwandishi, siku akiugua ugenini, mjaalie chumba kile anachokipenda. Asigongewe na mtu."

Nikaitikia amina.