Goti Nililolificha Kambini

Ipo siku moja, mwanangu Selina, ambayo mpaka leo nikikaa peke yangu hapa Ilembo inanijia bila kupiga hodi. Nina miaka ishirini na minne, niko juu ya mti katikati ya pori, nyuki wananizunguka, na goti langu la kulia limejifunga, halikunjiki wala halinyooki. Chini yupo rafiki yangu ameshika kamba. Hajui kitu. Hajui kwa sababu nilikuwa nimemdanganya.

Nakurekodia maneno haya kwenye simu kwa sababu Jumapili ulipokuja kunisalimia hukukaa hata nusu saa. Ulisema, "Shikamoo baba mkubwa, mguu umeshapona, niko fiti, Jumatatu narudi doria hifadhini." Nikaitikia marahaba. Lakini nilikuona unavyoshuka ngazi za baraza, umeshika ukuta, unatanguliza mguu ule ule kila ngazi. Nilikuona ulivyokaa kwenye kigoda, mguu mmoja umeunyoosha mbele kama fimbo. Mimi si daktari, ila kwa habari ya goti bovu usinifundishe, nimeishi nalo zaidi ya miaka thelathini. Sikiliza mpaka mwisho. Ikikatika nitarekodi tena, maana simu hizi nazo zina vituko vyake.

Na baba yako, mdogo wangu, yuko huko Mpimbwe na mpunga wake, hajui lolote. Nimejua hajui, maana nilimpigia juzi akaniuliza, "Selina mzima?" Nikamjibu mzima. Umeona? Umenifanya na mimi mwongo, na mvi zote hizi.

Basi. Enzi hizo mimi nilikuwa mrina asali. Kila mwaka mvua zikishakatika tulitoka Mpanda na baiskeli, wanaume saba, madumu yamefungwa nyuma, tukaingia porini wiki tatu au nne kurina mizinga yetu ya magogo tuliyoitundika juu ya miti. Mmoja anapanda na mwenge wa moshi, anakata masega, anashusha ndoo kwa kamba; mwenzake yuko chini anapokea. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Zakaria, Mkonongo mmoja mfupi, mkali, mwenye huruma nyingi akishashiba. Kambini kwake kulikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Asubuhi, kabla mtu hajagusa kamba, alimuuliza kila mmoja kwa jina lake, "Mwili unasemaje?" Ukisema unaumwa, unabaki chini siku hiyo, unatunza moto na kuchuja asali, na hakuna wa kukucheka. Ukisema mzima, anakupangia kazi. Alipanga kwa majibu yetu tu, nani apande na nani ashike kamba.

Mimi goti nilikuwa nimeliumiza miezi mitano kabla. Niliruka kutoka kwenye mti, pale karibu na chini kabisa, kwa kujionyesha tu, mguu ukatumbukia kwenye shimo lililochimbwa na muhanga. Mwili ukageuka, mguu ukabaki. Likalia ta! Likavimba, kisha likanywea, nikasema nimepona. Wapi! Siku nne natembea vizuri, siku ya tano linajifunga ghafla, mpaka nilitikise-tikise ndipo lifunguke.

Nikaenda hospitali. Kwa bahati alikuwepo daktari bingwa wa mifupa, mgeni aliyekuja kwa siku chache. Akalikunja, akalikunjua, akaniambia kwa upole kwamba ndani ya goti kuna gegedu, ndiyo godoro la mifupa, na langu limechanika, kipande kinaingia katikati ya mifupa ndiyo maana linafunga. "Nenda Mwanza ukafanyiwe upasuaji," akasema. "Na kwa kazi yako hiyo ya miti, usichelewe." Akaniuliza kama nina swali. Nikasema sina.

Nilikuwa nayo kumi! Nitapanda tena? Nitalala ndani muda gani? Nisipopasuliwa litafikia wapi? Maswali yale yote nikayabeba mpaka kijiweni Makanyagio, kwenye kahawa, nikayauliza huko nikijifanya ni ya mtu mwingine. Ebo, kumbe pale kila mtu ni bingwa. Mmoja akasema mtu akipasuliwa goti halikunjiki tena, kanisani atabaki amesimama wenzake wakipiga magoti. Mwingine akasema pakaa mafuta ya chatu, jambo dogo hilo. Nikayaamini ya kijiweni kwa sababu ndiyo niliyotaka kuyasikia. Nikaamua peke yangu: sipasuliwi, na simwambii mtu.

Niliogopa, mwanangu. Kisu chenyewe nilikiogopa, sikatai, ila zaidi niliogopa siku ambayo baiskeli sita zitaondoka na ya kwangu imeegemea ukutani. Porini nilikuwa mtu, naitwa, nasifiwa, naulizwa. Mjini nilikuwa nani? Wewe unayajua haya kuliko ninavyoweza kuyasema. Nimeona unavyong'aa ukiwa umevaa zile buti.

Msimu ukafika. Siku ya sita kambini, Mzee Zakaria akaniuliza, "Mwili unasemaje?" Nikajibu, "Mzima, mzee." Akanitazama, akauliza mara ya pili, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo. Nikasema, "Mzima kabisa." "Haya," akasema, "panda wewe. Kasiano ashike kamba."

Kasiano ndiye huyo rafiki yangu. Tulibatizwa siku moja, tukachunga mbuzi pamoja. Mtu wa maneno machache, kazi yake kupiga mluzi tu.

Jua likiwa limeanza kupoa nikapanda. Nikakata masega, nikashusha ndoo ya kwanza, ya pili. Nikajigeuza kufikia nyuma ya mzinga, mguu nimeukunja, na hapo ndipo goti likajifunga. Nikalitikisa, likagoma. Mwenge wa moshi ukaniponyoka ukaanguka chini, na nyuki walivyo, moshi ukiondoka nawe umeondoka. Nikapiga kelele kama mtoto.

Kasiano hakuuliza kitu. Aliifunga kamba kiunoni mwake akapanda vile vile alivyokuwa, na fulana yake, bila moshi. Akanifunga kifuani, akaizungusha kamba kwenye tawi, akanishusha taratibu mpaka nikagusa ardhi. Muda wote huo nyuki walikuwa usoni kwake. Alipoanza kushuka yeye, macho yalikuwa yameshavimba, haoni pa kukanyaga. Akaanguka. Aliangukia mkono wa kulia, na kiwiko kikasagika.

Tulimbeba kambini. Mzee Zakaria alipomaliza kumfunga mkono kwa vijiti akanijia nilipokaa. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Akasema, "Nilikuuliza mara mbili."

Nikasema, "Nisamehe, mzee."

"Goti ni lako, ungelificha kwako ukalifurahia. Lakini jibu lako ndilo nililolitumia kumpangia mwenzako kazi. Kesho utarudi mjini. Mimi siwezi kulala porini na mtu ambaye sijui mwili wake unasemaje."

Nyie shuleni mnaimbishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, akavunjika mwenzangu. Mkono wa Kasiano ulipona umepinda, haukunyooka tena, na mti hakupanda tena. Akahamia Tabora kwa wakwe zake, akafungua genge la kuuza nyanya na vitunguu. Hakunilaumu hata siku moja, mwanangu, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana, ningepata pa kuanzia. Tulipigiana simu mara chache uzeeni, tukasalimiana, tukaulizana mvua. Kila mara nilitaka kumuuliza, mkono unaendeleaje, nikashindwa. Alifariki mwaka juzi. Nilipata habari msiba umeshaisha, watu wameshatawanyika. Mpaka sasa nikisikia mtu anapita barabarani anapiga mluzi, natoka nje kuangalia.

Kwa upasuaji nilikwenda mwaka uliofuata, goti likiwa limeshanishinda hata kwa njia ya sokoni. Ungedhani nimejifunza. Thubutu! Mama nilimwambia naenda kutafuta kazi. Nikapanda treni peke yangu mpaka Tabora, nikabadilisha nyingine mpaka Mwanza. Daktari wa kule akanipima, akatikisa kichwa, akasema, "Tutakusaidia, ila umelitumia vibaya sana. Ungewahi, tungeokoa zaidi."

Upasuaji wenyewe, nisikutishe, ulipita. Nililala, nikaamka, mguu una bandeji. Maumivu yalikuwepo, dawa zilikuwepo. Nitakuambia kilichouma. Ni saa ya kuona wagonjwa. Mlango wa wodi unafunguliwa, watu wanaingia na chupa za uji, mabakuli yamefungwa kwa kanga, kila kitanda kinapata watu wake, vicheko, na malalamiko kwamba wali umepoa. Mimi nageukia ukutani, najifanya nimelala. Siku ya kwanza hivyo, siku ya pili hivyo. Siku ya tatu mama mmoja wa Kisukuma, aliyekuwa akimuuguza kijana wake kitanda cha pili, akanigusa bega.

"We kijana, huna watu?"

"Ninao, mama."

"Wako wapi sasa?"

"Sikuwaambia."

Akanitazama kidogo, akamimina uji kwenye kifuniko cha chupa, akanishikisha. "Kunywa kwanza," akasema. "Ukimaliza uwaambie."

Nililia ndani ya ule uji, mwanaume mzima. Nilikuwa na mama aliyenizaa, nina baba yako, nina wenzangu ambao wangeuza baiskeli zao waje, na wote niliwafungia mlango mimi mwenyewe. Ndiyo maana wazee walisema mficha uchi hazai.

Goti halikujifunga tena tangu upasuaji ule. Na linakunjika vizuri tu, kanisani napiga magoti, waongo wakubwa wale wa kijiweni. Ila lilikuwa limeshalika kwa ule mwaka niliolificha, na miti daktari alinikataza. Ndiyo maana mizinga yangu unaiona hapa nyuma ya nyumba, iko chini, kimo cha kitanda. Mama yako mkubwa alipokuwa hai alikuwa akinicheka, eti nafuga nyuki kama kuku. Sasa hivi hakuna wa kunicheka. Mvua zikikatika nasikia vijana wanapita alfajiri kwenda porini, siku hizi kwa pikipiki, madumu yanagongana nyuma. Naamka, nakaa kitandani mpaka mlio upotee kabisa. Halafu nakwenda kuwaangalia nyuki wangu.

Sasa wewe. Siku hizi kuna mashine za kuonyesha ndani ya goti, wewe umeshapigwa hizo picha, na daktari amekueleza. Hilo najua, maana bahasha niliiona ndani ya mkoba wako, usinune. Sikuambii kapasuliwe, na sikuambii usipasuliwe. Goti lako silo langu, na wapo wanaopona kwa mazoezi, sijui mimi. Ninachokuambia ni urudi kwa daktari huyo na maswali yako yote, usiyapeleke kijiweni, hata kile kijiwe chenu cha kwenye simu. Muulize ukipasuliwa utarudi porini baada ya miezi mingapi, na mazoezi yake ni ya namna gani, na usipopasuliwa goti litafikia wapi. Muulize hata lile unaloona aibu, kwamba kama hutarudi porini kabisa, je? Ukishindwa kulitamka, nitalitamka mimi.

Na Jumatatu usiende doria kwa neno la uongo. Wenzako wataingia porini wakijua nyuma yao kuna Selina wa kuwakimbilia nyati akitokea, kumbe hayupo. Mwambie mkubwa wako wa kazi ukweli. Atakukalisha ofisini, utanuna, utaona buti za wenzako zinatoka mlangoni na moyo utakuuma sana. Uache uume. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na ndiyo sababu nataka ule wako usiumalize kwa kuficha goti kama nilivyofanya mimi.

Halafu mpigie baba yako, leo hii hii. Mimi nimechoka kumdanganya.

Ikiwa mtaamua upasuaji, huendi peke yako. Ngazi ya treni ni ndefu kwa goti hili langu, lakini nitapanda, hata kwa kusukumwa na makonda. Nitakuwa wa kwanza mlangoni saa ya kuona wagonjwa, na chupa ya uji, na asali yangu ndani yake. Hutageukia ukutani mtoto wangu wewe. Mungu wa baba zetu akushike mkono pale usipoona pa kukanyaga, akupe miguu ya kukufikisha uzeeni, na watu wa kukufuata kila unapolazwa, na akusamehe uongo wa Jumapili kama nilivyokusamehe mimi. Amina.

Sasa naweka simu hapa mkekani, siendi popote, nasubiri jibu lako. Nakuuliza kama nilivyoulizwa, na nitauliza hata mara ya tatu. Selina, mwanangu, mwili unasemaje?