Fundi wa Nyasho na Kamera ya Kichwa Chini

Ujumbe ulinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta yangu ambayo kioo chake kilikuwa cheusi kwa karibu wiki mbili. Ulikuwa mfupi: fundi wetu wa Nyasho hatunaye, ajali ya pikipiki, njia ya Bunda, mazishi Alhamisi nyumbani kwao Butiama. Naona haya kuandika jambo la kwanza lililonijia kichwani, lakini wasomaji wa safu hii mmeshanizoea, basi niseme. Nilijiuliza ni nani sasa atanitengenezea hii kompyuta. Kisha nikaweka simu mezani na machozi yakanitoka, mengine ya huzuni na mengine ya kujionea aibu.

Kwa msomaji ambaye hakubahatika kumfahamu, marehemu aliuza vipuri vya baiskeli na kuziba pancha mtaani Nyasho, hapa Musoma. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha yeye na mkewe. Kompyuta zilikuwa ugonjwa wake. Pale dukani, katikati ya maboksi ya spoku na tyubu, alikuwa na kompyuta mpakato kuukuu inayotumia Linux, ule mfumo wa bure ambao watu wa dunia nzima hujitengenezea wenyewe na ambao, kwa jinsi nilivyomwona yeye, humfaa mtu anayefurahi kitu kikiharibika. Hakumtoza mtu. Alichodai ni maelezo. Ukimpelekea mashine, alifungua daftari kubwa la jalada gumu, akaandika wewe ni nani na mashine inaumwa nini, halafu akainua kalamu na kukuuliza swali lake moja: "Kabla haijaharibika, uligusa nini?"

Musoma nzima, bila kujali dhehebu wala cheo, ilikuwa na jibu moja: "Sikugusa kitu." Naye hakubisha. Alisema, "Haya, tusubiri ukumbuke," akarudi kwenye pancha zake. Nilimshuhudia mkubwa mmoja wa ofisi, mtu ambaye wenzake husimama akiingia, akikaa juu ya boksi la pedeli kutwa nzima na suti yake, akijipepea kwa faili. Jua lilipoanza kuelekea ziwani ndipo aliponong'ona kwamba alipakia mchezo wa mbio za magari kwenye kompyuta ya kazini, na kwamba ili upate nafasi alifuta mafaili ambayo hakuyajua ni ya nini. Fundi akaandika yote bila kumtazama. "Asante, mzee," akasema. "Sasa hata mashine inaweza kusikia dawa." Mkubwa yule akaondoka na uso wa mtu aliyetoka kuungama, na nadhani baadhi ya watu walikuwa wakimpelekea kompyuta nzima kabisa ili tu wapate pa kusemea.

Sheria yake nyingine ilikuwa kwamba unagusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, unaangalia, unaandika, ndipo unagusa kingine. Kwa sheria hiyo alimtesa mwalimu wa fizikia wa Bunda, ambaye alikuwa na mchezo wa mpira kwenye kompyuta yake. Wachezaji walionekana vizuri, nyasi zilionekana, hata mashabiki walionekana wakipiga makofi. Mpira ndio haukuonekana. Fundi alipanda gari kwenda Bunda Jumamosi tatu mfululizo, na ya kwanza nilimsindikiza. Tulimkuta mwalimu yuko katikati ya mechi, na anaongoza.

"Mwalimu, mpira unauonaga wapi?" fundi akamuuliza.

"Siuoni. Naangaliaga wachezaji wanakoangalia."

"Na ukifunga?"

"Nasikia makofi, naenda kuangalia ni ya nani."

Walicheza kila mmoja na kidhibiti chake, watu wazima wawili wenye familia, wakikimbiza hewa na kugombana kuhusu offside ya kitu ambacho hakuna aliyekiona. Jumamosi ya tatu fundi akapata ugonjwa: draiva ya kadi ya picha, ile programu inayoifundisha mashine kuchora, ilikuwa imejibadilisha yenyewe kuwa mpya iliyokuja na kosa. Akarudisha ya zamani, mpira ukatokea, mweupe na mzuri. Wiki iliyofuata mwalimu akapiga simu. Tangu mpira uonekane alikuwa amefungwa na kila timu, kwa sababu sasa alikuwa anautazama mpira badala ya wachezaji. Aliomba uondolewe. Fundi akamjibu kwamba yeye hatoi dawa ya kurudisha ugonjwa, na kwa miezi kadhaa hawakusalimiana.

Nimekuwa nikilifikiria sana lile swali lake. Ukitazama maisha yetu utaona kwamba hakuna mtu aliyewahi kugusa kitu. Pampu ya kijiji imekufa na kamati nzima haikuigusa. Muhtasari wa kikao umetoka kabatini kwa miguu yake. Gari la ofisi limeingia mtaroni likiwa linajiendesha. Tunataka vitu vyetu vipone haraka, ikiwezekana kwa kuzima na kuwasha, na tunataka vipone bila sisi kutajwa. Ninasema "sisi" kwa makusudi, kwa sababu siku kumi kabla ya ajali nilimpelekea kompyuta yangu, akafungua daftari, akainua kalamu, na mimi mwandishi wa safu hii, ninayewasuta wengine kila wiki, nikamtazama usoni nikasema sikugusa kitu. Akanirudishia mashine taratibu. "Rudi ukishakumbuka, kaka," akasema. Sikurudi.

Alhamisi tukafika Butiama. Maturubai yalikuwa yamefungwa kati ya nyumba na zizi, jenereta linanguruma nyuma ya jiko, watu wametoka Musoma, Bunda, hadi kisiwani Rukuba kuna waliovuka na mtumbwi wa injini. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa misumari. Ajali ilikuwa mbaya na wazee walishaamua kwamba halitafunguliwa. Mama yake, mwanamke mdogo wa umbo mwenye shingo isiyogeuka vizuri kwa maumivu, alikaa kwenye mkeka mbele kabisa, na alikuwa halii. Mchungaji alipoinama kumwambia kwamba ibada inaanza, akamjibu kwa sauti ambayo maturubai yote yaliisikia.

"Mchungaji, hilo ni sanduku. Mimi sijazaa sanduku. Nisipoona uso wa mwanangu, mnataka nimlie nani?"

Picha za marehemu hazikuwepo, maana alikuwa hapendi kupigwa picha, na simu yake ilikuwa kitochi kisicho na kamera. Ndipo mkewe akakumbuka video moja iliyomo kwenye kompyuta ya mumewe, nayo alikuwa ameibeba ndani ya kanga pamoja na daftari, kwa kuwa hakutaka kuviacha dukani peke yake. Wajomba wawili wakatoa sebuleni televisheni kubwa, ikawekwa mezani chini ya turubai. Marehemu, mtu aliyetuhubiria sote habari za usalama wa neno la siri alikuwa ameliandika la kwake ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa, na kulipigia mstari. Kompyuta ikafunguka. Televisheni ikaandika kwamba haipati kitu.

Msomaji, kama hujawahi kuona msiba mzima ukitengeneza televisheni, hujaona kazi. Mmoja alichomoa waya, mwingine akauchomeka mahali pengine, katekista akabonyeza rimoti mpaka ikaja taarifa ya habari, mtu akakimbia kuzima jenereta ili "lipumzike" kidogo kisha akaliwasha tena, na shemeji mmoja alikuwa anapuliza tundu za televisheni kwa mdomo. Wote waliniambia nisaidie kwa kuwa niliwahi kuonekana na marehemu Bunda. Nikafungua daftari nitafute msaada, na ukurasa wa mwisho ulioandikwa ukanitazama: "Mwandishi. Kioo cheusi. Anasema hakugusa. Tusubiri."

Sijui ni nini kilinipata. Nilisimama mbele ya waombolezaji na kusema kwa sauti, "Ndugu zangu, acheni kwanza. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kabla haijaharibika, nani aligusa nini?" Hakuna aliyegusa. Tukasubiri. Ng'ombe mmoja akalia zizini. Nikasema basi naanza mimi: kompyuta yangu niliimwagia uji wa ulezi, nikaifuta kwa shati, nikamdanganya marehemu. Watu wakaguna. Mchungaji akakohoa.

"Mimi nimechomoa kawaya kamoja pale nyuma ya televisheni," akasema. "Nilikuwa nachajiga simu. Nikakarudisha, lakini naona kama nilikarudisha kwenye kinanda."

Tukakatoa kwenye kinanda cha kwaya, tukakarudisha kwenye televisheni, na picha ikaja. Ilikuja kichwa chini. Fundi alikuwa amekaa dukani kwake, nywele zikielekea ardhini na kidevu mbinguni. Matairi yaliyotundikwa nyuma yake ndiyo pekee yaliyoonekana sawa, kwa kuwa tairi halina juu wala chini. Mama akajaribu kuinamisha kichwa, shingo ikamkatalia.

"Huyo amening'inia," akasema. "Wangu alikuwaga anakaa."

Nikarudi kwenye daftari, na humo nikakuta kurasa kumi na moja za ugonjwa huo huo. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika: "Mgonjwa: kamera yangu. Kazi: Jumapili mama anione kwenye simu ya dada. Ugonjwa: kichwa chini." Chini yake zikafuata amri za kompyuta alizojaribu, moja moja, miezi na miezi, kila moja ikiwa na neno "bado" pembeni. Butiama si mbali na Musoma, na nadhani hilo ndilo huwafanya watu wasiende. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba watakuwa wakionana kila Jumapili, kisha akaahirisha kila Jumapili, kwa sababu hakutaka mama amwone kichwa chini wakati ugonjwa haujapatikana. Mkewe alikuwa anasoma pamoja nami begani kwangu, na hapo ndipo alipoanza kulia kwa sauti. Nami nilimkasirikia rafiki yangu, pale pale mbele ya sanduku lake.

Nikajaribu amri ya mwisho kwenye orodha. Kompyuta ya marehemu ikanijibu kwa Kiingereza kwamba sina ruhusa. Najua wapo wasomaji watakaoniandikia kwamba kuna kitufe cha kugeuza video, na kwamba mtoto wa darasa la tano anakijua. Sasa na mimi nakijua. Siku ile sikukijua, jua lilikuwa linapanda, kaburi liko tayari, na mama anatazama miguu ya kiti cha mwanawe. Mjomba mkubwa, mfugaji ambaye sidhani kama aliwahi kugusa kompyuta, akaniuliza swali la kiungwana kabisa.

"Mwandishi, kilichoharibika ni picha au ni televisheni?"

"Ni picha, mjomba."

"Na televisheni ni nzima, inabebeka?"

"Inabebeka."

Akamwita mwenzake kwa mkono. Wakaishika huku na huku, wakaipindua miguu juu, wakasimama nayo kifuani mbele ya mkeka wa mama, waya ukining'inia kati yao. Fundi akakaa wima. Nikabonyeza ianze.

Ilikuwa video ya kujaribu kamera, basi. Alisogea karibu, akatazama moja kwa moja mbele kama alivyokutazama ukisema hukugusa kitu. "Moja, mbili," akasema. "Moja, mbili. Haloo. Mama, unaniona?" Kisha akanyamaza, akisubiri, kwa ile subira yake ya kuudhi.

"Nakuona," mama akasema.

Fundi akaitikia kwa kichwa, pengine kwa jambo jingine kabisa aliloliona kwenye kioo chake. "Haya, vizuri," akasema. "Nazima." Na kioo kikawa cheusi. Mama akavuta kitenge usoni, akamlilia mwanawe, na maturubai yote yakalia naye. Wajomba hawakuishusha televisheni mpaka alipomaliza.

Baada ya mazishi mkewe alinipa kalamu na lile daftari. Kwenye ukurasa wa kamera, mahali pa kuandika kilichoguswa, nikaandika: "Televisheni. Imepinduliwa na wajomba." Mahali pa matokeo nikaandika: "Mama amemwona." Najua angenigombeza, angesema ugonjwa bado uko pale pale, tumeuficha tu, na angekuwa na haki. Lakini kamera ingeweza kusubiri miaka, na mama yake hakuwa na miaka ya kusubiri. Kwa hiyo, wewe unayesoma hapa, ambaye kuna mtu ulimwahidi Jumapili na unaahirisha mpaka kila kitu kikae sawa, piga simu hivyo hivyo, hata kama utatokea kichwa chini. Wajomba wapo, watashika televisheni.