Kitanda cha Tisa Kilikuwa na Mwenyewe

Nakumbuka siku mbili, mwanangu, na moja imeiamsha nyingine. Ya karibu ni Jumamosi hii iliyopita. Mjukuu wangu Sidi, binti wa mwanangu Kahindi, alikuja kunitazama hapa kwangu Muyeye, Malindi. Sidi anasomea uuguzi kwenye chuo kikuu cha Walutheri huko bara, na mwezi huu wameletwa pwani kujifunza kazi wodini. Alivua viatu mlangoni, akajitupa mkekani na sare yake nyeupe, nami nikaanza kummiminia chai.

“Hawe,” akaniambia, maana sisi Wagiriama bibi twamwita hawe, “leo kitanda cha kumi na moja kimeniua. Kinaita, kinaita, ukifika hakina shida yoyote. Jumatatu nitakiacha kiite mpaka kichoke.”

Birika likaniponyoka. Chai ikatambaa mkekani hadi miguuni pake, akaruka.

“Hawe! Umeungua?”

“Ni nani anayeita?”

“Si nimekwambia? Kitanda cha kumi na moja.”

“Kitanda kina mdomo?”

Akacheka. “Hawe nawe! Ndivyo tunavyosema kazini. Ukae ukijua majina ya watu thelathini, utafanya kazi saa ngapi?”

Mimi sikucheka. Nilimtazama kama ninayemwona mara ya kwanza. Maana kama ni mtoto wa chuo kingine, ningesema hakufundishwa. Lakini Sidi! Chuo chake nakijua, nimekikanyaga kwa miguu yangu hii.

Mwaka wake wa kwanza walitualika wazazi tukaone wanavyosoma. Baada ya ibada tukaingizwa chumba chenye vitanda vilivyopangwa kama wodi. Kitandani nikaona mwanamke amelala, macho wazi, hapepesi. Sidi akamsogelea, akainama, akamwambia, “Shikamoo bibi. Mimi naitwa Sidi. Naomba nikugeuze ubavu.” Yule mwanamke kimya. Nikamshika mkono mama mmoja aliyekuwa karibu nami, nikasema kwa sauti, “Mulungu wangu, hawa watoto wanaamkia maiti!” Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu wao, Mwalimu Ruth, akanijia akanishika bega. “Si maiti, mama. Ni mwanasesere wa kujifunzia, na anaitwa Bibi Tabitha. Hapa kwetu asiyemsalimu haruhusiwi kumgusa. Mkono usiojua jina hushika kama koleo.”

Siku hiyo wenzangu walidhani nalia kwa aibu ya kuchekwa. Hawakujua nalia nini. Hata Sidi hakujua, kwani neno hili sikumwambia mtu, hata marehemu mume wangu Katana hakulisikia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yalikaa kimya miaka yote hiyo, na kweli mjukuu ndiye aliyeniletea majuto hayo nyumbani, na sare nyeupe juu. Basi nikamwambia, “Acha kupangusa hiyo chai. Keti.”

Nikamweleza.

Nilikuwa msichana, sijaolewa. Darasa la tatu ndilo lililonitema, lakini hesabu nilizijua. Nikapata kazi ya kufagia wodi ya wanawake katika hospitali moja ya pwani hii. Jina lake naliacha. Kosa lilikuwa langu, si la kuta zake. Vitanda vilikuwa kumi na sita, vyote na nambari ukutani. Majina yaliandikwa kwenye kadi zilizoning'inia miguuni pa vitanda, na mimi kusoma mwandiko ule sikuweza. Ningeuliza? Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini ujana una kiburi chake. Nikaona nambari zatosha. Kitanda cha tatu ataka maji. Kitanda cha sita ametapika. Nilijiona hodari. Na saa ya watu kuja kutazama wagonjwa nilikuwa nasimama mlangoni nikiwaelekeza, kifua mbele, ufagio mkononi kama askari na bunduki.

Adhuhuri moja akaja mama mmoja mwembamba, miguu imejaa vumbi. Alikuwa ametembea kutoka Ganda. Mkononi ana chupa ya uji aliyoifunga kwa leso usipoe.

“Namtafuta mwanangu Kadzo,” akasema.

“Kitanda gani?”

“Kitanda sikijui, mwanangu. Ni Kadzo. Kakake ndiye aliyemleta, juzi.”

“Hapa hakuna Kadzo. Nenda kaulize kwingine, na usimame pembeni, wazuia watu.”

Akachungulia juu ya bega langu. Kulikuwa na pazia kati. Nikamzibia kwa ufagio. Akasema, “Haya, ahsante mwanangu.” Ahsante! Akaondoka na uji wake.

Sikufikiri tena habari zake. Alasiri nikawa napiga deki chini ya kitanda cha tisa. Alikuwa amelala pale msichana wa umri wangu, pengine aliyenipita mwaka mmoja tu. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Akaniuliza, “Dada, mamangu hajaja?”

Nikafikiri. Kuna mtu aliyeulizia kitanda cha tisa leo? Hakuna. Nikamjibu bila kuinua kichwa, “Hajaja.”

Akasema, “Atakuja.” Baada ya kitambo akauliza tena. Nikamjibu lile lile, na safari hii kwa ukali, kwa kuwa maji ya ndoo yalikuwa yamechafuka na mgongo waniuma. Akageukia ukutani. Jua halijatua, alikuwa amefariki.

Hapo Sidi alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Mimi wakati ule sikuwa nimejua lolote bado. Nililala usingizi wangu wote.

Asubuhi akanijia Bi Mwanahamisi, muuguzi mkuu wa wodi ile, mtu wa Malindi mjini, mtu mzima wa maneno machache. Hakunikaripia. Akanishika mkono akanipeleka kitanda cha kwanza.

“Dama, huyu nani?”

“Kitanda cha kwanza, Bi Mwanahamisi.”

“Na huyu?”

“Kitanda cha pili.”

Akanipitisha vyote, mmoja mmoja, wagonjwa wananitazama. Tulipofika cha tisa, godoro limekunjwa. Akauliza, “Na aliyekuwa hapa?”

Nikatazama nambari ukutani.

“Alikuwa Kadzo,” akasema. “Mamake yuko nje. Jana alizunguka hospitali hadi za Watamu kumtafuta, mpaka kakake Kadzo akamwapia kwamba alimwacha hapa hapa. Nenda ukamwambie wewe. Mimi sitakusaidia.”

Mwanangu, sijui nilifikaje nje. Yule mama alikuwa ameketi ngazini, chupa ya uji mapajani, uji mpya. Habari ya msiba alikuwa ameshaisoma usoni mwa watu. Hakulia. Alinitazama akanitambua.

“Ni wewe uliyeniambia hayuko.”

“Ni mimi, mama.”

“Aliniulizia?”

Ningeweza kudanganya. Ulimi hauna mfupa. Lakini macho yake hayakuniruhusu.

“Alikuulizia. Mara mbili.”

“Ukamwambiaje?”

“Nilimwambia hujaja.”

Akaikaza ile leso ya chupa. Kisha akauliza, “Waitwa nani?”

“Dama.”

“Dama wa nani?”

“Dama wa Charo.”

“Mimi ni Haluwa wa Ngala,” akasema. “Nitalikumbuka jina lako, Dama wa Charo.” Akasimama, akaiweka ile chupa ya uji mikononi mwangu, akaingia kumwona mwanawe. Hakunilaani, hakunisamehe. Chupa ilikuwa bado na joto.

Tangu hapo watu hunishangaa: huyu bibi asiyesoma hajasahau jina la mtu hata mmoja! Wanadhani ni kipaji. Vile vitanda kumi na sita ninaweza kukutajia hadi leo, kuanzia Mbeyu wa Karisa wa cha kwanza, kwa sababu siku ile ile nilikwenda nikawauliza wote. Mdomo hauhitaji kwenda shule. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Sidi alilia, akaondoka bila kunywa chai. Nikahofu nimemvunja moyo. Jumatatu mchana simu ikalia.

“Hawe. Anaitwa Nyevu Kazungu. Ni wa huko Ganda. Ana mbuzi wanne aliowafunga nyuma ya nyumba siku aliyougua, na hajui kama kuna aliyewafungua. Ndiyo maana anaita kila saa, halafu tukifika anaona haya kutuambia habari za mbuzi. Nimempigia jirani yake. Wamefunguliwa, wanakula.”

“Na yeye?”

“Amelala, hawe. Usingizi mzito.”

Nikajikuta nimeketi chini kwenye ule mkeka wenye doa la chai.

Basi nasaha yangu ni hii, wewe unayesomea kazi ya kushika miili ya watu. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, mpe tu. Uji haulizwi, lakini jina huulizwa, na huulizwa kabla ya sindano na kabla ya beseni. Chuo chako kikikufundisha kumwamkia mwanasesere, usione ni mchezo wa watoto: wanakuzoesha ulimi, ili siku umechoka na mgongo wakuuma, ulimi ukumbuke wenyewe. Na mtu akisimama mlangoni akimtaja mtu wake, usimwambie hayuko mpaka umekwenda ukatazama kwa macho yako. Ni hatua chache tu. Mimi sikuzipiga, nazipiga kila siku tangu hapo.

Mulungu aibariki mikono yako, mwanangu, isichoke kabla ya moyo. Na siku nawe utakapolazwa, apite kando yako mtu akuite kwa jina lako, na aliyekuja kukuona aelekezwe mpaka kitandani pako.