Yowe Kwenye Spika za Mbalibali

Zamani tulikuwa tunapendwa. Kundi letu lilikuwa la watu wawili: mimi kwenye kinanda cha umeme, rafiki yangu akiimba. Nyimbo zetu za mapenzi, kinanda mwanzo hadi mwisho, zilipigwa kwenye harusi kuanzia Tarime mpaka Natta, na mabinti wa Mugumu walizijua kuliko sisi wenyewe.

Mimi zikanichosha. Nikatengeneza albamu tofauti kabisa: kengele za ng'ombe, mashine ya kusaga, nyuzi za litungu la jirani, na kinanda kikinguruma chini yake kama mvua ya mbali. Rafiki yangu aliimba maneno machache tu, tena kwa kununa.

"Hii watu wataichezaje?" aliuliza.

Tukakubaliana tuipige mara moja mbele ya watu, kijijini Mbalibali, siku ya mnada. Wakiipokea, anabaki. Wakiikataa, anakwenda Sirari, ambako baa moja ilimtaka aimbe zile za zamani.

Wimbo wa mwisho ulikuwa na yowe. Kwetu Wakurya, yowe likipigwa ujue ng'ombe wameibwa, na kila mwanaume huacha alichoshika akakimbia. Nilimrekodi shangazi ndani ya ghala la mahindi. Nilimwomba apige taratibu.

"Yowe la taratibu ndiyo lipi?" akasema, akaliachia mpaka masikio yakaniziba.

Siku ya mnada watu walikaa kimya nyimbo zote. Hawakucheza, hawakuzomea. Walitafuna miwa wakitutazama, kana kwamba bado tunafunga mitambo na muziki utaanza baadaye. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa pale mbele ya umati. Kisha shangazi akalia kwenye spika.

Wanaume wakainuka wote. Fimbo, marungu, hata panga la muuza miwa, vyote vikaondoka nao kuelekea bondeni. Rafiki yangu naye akatupa kipaza sauti akakimbia. Yeye, aliyeusikia wimbo ule mpaka akauchukia! Nikabaki na kinanda na akina mama waliokuwa wakikusanya watoto. Wimbo ukaisha wenyewe.

Walirudi wakitokwa jasho. Mzee mmoja akanijia moja kwa moja.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. "Mura, we kijana, ng'ombe za nani zimeibwa?"

Nikageuka kumtafuta rafiki yangu anisaidie kujibu. Alikuwa barabarani, begi mgongoni, anapanda bodaboda ya Mugumu, kwenye mabasi ya Sirari. Hakuangalia nyuma. Kipaza sauti chake kilikuwa bado chini, miguuni pangu.

"Mura, nakuuliza. Nani kaibiwa?"

"Mimi," nikasema.

Mzee akashika rungu lake vizuri. "Zimeelekea wapi?"

Nikamwonyesha barabara ya Mugumu. Vumbi la pikipiki lilikuwa halijatua.