Picha ya Mke Mdogo

Plastiki ikiungua wenzangu huziba pua. Mimi huivuta harufu ile nikamkumbuka mama.

Baba alikuwa ameoa mke mdogo. Mpiga picha kutoka Kasulu mjini akachomoa mfukoni kamera ya kukunja. Mama akaambiwa asogee kando, asiharibu picha. Karatasi ikatoka hapo hapo, imepauka, kisha gauni jekundu la bibi harusi likajitokeza taratibu.

“Msiiweke karibu na moto,” alionya mpiga picha.

“Tumekusikia, mwanangu,” mama akajibu.

Jioni aliianika kwenye uchanja juu ya mafiga, pamoja na muhogo. Uso wa yule mwanamke pichani ukatoka malengelenge, harufu ya plastiki ikajaa jikoni.

“Ilikuwa mbichi,” mama alimwambia baba. “Nimeikausha.”

Akaipigilia ukutani mwenyewe. Ilikaa pale hadi mwenye gauni alipofungasha virago.