Bendi Iliponyamaza kwa Adhana

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi aliyependa muziki wa roki, na hapa Isiolo jambo kama hilo lazima lielezwe. Wenzake sokoni walimwambia magitaa yale yataikondesha mifugo. Yeye aliwajibu kwamba mbuzi wake hufika Nairobi wakiwa wameshastaarabika njiani. Mimi nilikuwa upande wa wenzake. Kwangu yale yalikuwa makelele tu, wanaume wazima wakilia kama waliobanwa vidole na mlango.

Bendi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya wazee fulani wa Nairobi, waliopiga roki tangu nywele zao zikiwa nyeusi bila msaada wa rangi. Walipotangaza kwamba watarekodi albamu mbele ya watu, na kwamba wataifanyia uwanjani kwetu, alizunguka nyumbani kama mtu anayefunga mizigo ya Hija. Nilimsindikiza kwa kumhurumia. Watu walikuja wengi, nusu yao kuangalia tu hiki ni kitu gani. Mpiga gitaa alikuwa na goti bovu, wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, na bado alipiga mpaka nikalisahau goti lake. Sisi tuliketi karibu na mlingoti uliofungwa kipaza sauti cha kunasa shangwe za watu.

Jua lilipozama, adhana ya Magharibi ikaanza. Hapa kwetu hakuna anayehitaji kuambiwa. Hata vibanda vya kuuza nyimbo huzima spika. Wale wazee, ambao sidhani kama kulikuwa na Mwislamu hata mmoja kati yao, waliweka vyombo chini wakanyamaza, na uwanja mzima ukanyamaza nao. Lakini fundi wao hakuzima mitambo. Albamu ilipotoka, kimya kile kilikuwamo chote: adhana kwa mbali, mtu akikohoa, mtoto akililia maji, kisha sauti ya mwanamume, chini chini, ikisema, “Wewe, hebu angalia...”

Mume wangu alifurahi wiki nzima. Akasema tumeingia kwenye albamu, sisi ni wanamuziki sasa, anangoja kulipwa.

Amefariki. Hatukujaliwa watoto. Simu yake, iliyokuwa na jumbe zake zote za sauti, iliingia maji mvua ilipoingia nyumbani, na mafundi wote wa mjini wameishika wakanirudishia wakitikisa vichwa. Picha ninazo tele, lakini picha haikuulizi kama umekula. Sauti yake imebaki mahali pamoja tu duniani, katikati ya muziki nisioupenda.

Basi kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, naruka nyimbo zote, wazee wanisamehe, naenda moja kwa moja pale wanaponyamaza. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina, naye alizoea kuniita “wewe” tu, lakini alivyoitamka ilinitosha. Shida ni kwamba baada ya “hebu angalia” kuna mwanamke anaangua kicheko, na maneno yanayofuata yanamezwa. Nilimchukia mwanamke yule. Kucheka adhana inasomwa! Nilimwita mambo nisiyoweza kuyaandika hapa.

Siku moja jirani yangu Mmeru, mwenye roho nzuri na mdomo usio na breki, aliingia kuomba chumvi akanikuta nikisikiliza. Nikamweleza. Akasikiliza naye, kisha akasema, “Lakini mama, hiyo si inaweza kuwa ya mwanaume yeyote? Hawa wote wanaita bibi zao wewe.”

Akaenda na chumvi yake. Mimi nikabaki na hilo neno. Tangu siku hiyo kila nikibonyeza nilisikia muuza viazi, nilisikia askari wa kaunti, nilisikia kila mtu isipokuwa yeye. Niliogopa. Kama si yeye, basi sina kitu, na asubuhi zangu zote nilikuwa nikimsikiliza mume wa mtu mwingine.

Nikaamua kumpelekea mama yake sauti ile, kijijini Kulamawe. Mama hawezi kukosea sauti ya mwanawe.

Nilimkuta kivulini anasuka kamba. “Nagaa, intala,” akanisalimu, kwani mimi kwake ni binti tangu siku ya harusi. Nilimweleza kilichonileta, nikaweka spika ndogo kwenye mkeka. Aliacha kamba, akainamisha kichwa, akasikiliza kimya kile mpaka mwisho.

“Hii ya mwanaume sijui,” akasema. “Iko chini sana. Inaweza kuwa yeye, inaweza kuwa mwingine.”

Nilinyoosha mkono nizime.

“Ngoja. Rudisha.” Akasikiliza tena. “Lakini huyu namjua.”

“Nani, mama?”

“Huyu anacheka. Si ni wewe?”

Nikamwambia hapana, mimi sicheki hivyo.

“Sasa hucheki. Ile wakati mmekaa hapa baada ya harusi ulikuwa unacheka hivi kila siku, mpaka mbuzi inashtuka kwa boma. Na nani mwingine alikuwa anakuchekesha? Sisi?”

Nilirudisha mwenyewe. Mara hii sikutafuta sauti ya mwanamume. Nilimsikiliza mwanamke, yule niliyemtukana asubuhi zote hizo, na kweli alikuwa mimi, mimi ninayejidai kuwa na adabu. Alicheka kama mtu asiyejua kwamba jambo lolote linaweza kumpata. Nililia pale pale mkekani, kwa furaha kwanza. Basi aliyesema “wewe” alikuwa yeye. Jirani yangu ningempelekea gunia zima la chumvi.

Mama mkwe alinisogelea. Macho yake yalikuwa yaking’aa, na niliona kwamba sasa naye anataka fungu lake.

“Na alikuwa anakuonyesha nini?” akauliza. “Alisema nini, ukacheka namna hiyo?”

Nilitafuta kichwani. Nilipita jukwaani, kwenye kiti cha plastiki, kwenye nywele za rangi, kwa watu waliokuwa mbele yetu. Uso wake niliuona, umenigeukia, midomo inasema. Maneno hayakuwapo.

“Mama, sikumbuki,” nikamwambia.

Hakunielewa, au hakutaka kunielewa. Aliendelea kunitazama, akingoja nimwambie.